Reli ya vipande vitano inakwenda kwenye maonyesho ya siku mbili: kipi kirekebishwe kwanza?

taruma_la_saba

Wakuu, habari za humu.

Klabu yetu ya treni za mfano imepewa nafasi kwenye maonyesho ya siku mbili, kila siku saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Zimebaki wiki sita. Reli yenyewe iko hivi:

Skeli 1:87, upana wa reli mm 16.5. Vipande vitano vya ubao, kila kimoja sm 120 kwa 60, jumla mita 6. Vinne ni mandhari (stesheni ya mwisho wa njia, kiwanda cha mbao, daraja), cha tano ni yadi ya nyuma yenye njia tano, imefichwa kwa pazia. Juu plaiwudi ya mm 9, fremu mm 12. Vipande vimeungwa kwa bolti mbili za M8 kila ungio, basi. Reli kwenye maungio tunaziunga kwa vile viungio vya kawaida vya kuteleza. Pointi (pale njia inapogawanyika) 11, zote za mota za koili. Umeme wa kawaida, volti 12, kidhibiti kimoja.

Matatizo:

a) Kati ya kipande cha 2 na cha 3 mabehewa yanaacha njia, ila treni ikielekea stesheni tu. Ikirudi haina neno.
b) Injini ndogo ya magurudumu manne inazima juu ya pointi ya 4 na ya 7. Injini kubwa zinapita.
c) Mota mbili za pointi zimeungua ndani ya mwezi mmoja.
d) Baadhi ya wanachama wanataka tuhamie dijiti (kila injini kupewa amri zake kupitia reli) kabla ya maonyesho.
e) Tuko watu saba. Zamu zikaeje?

Tuanze na lipi?

---

FundiLehemu

Anza na (a), na usiguse (d) mpaka (a) iishe.

Kuacha njia upande mmoja tu wa mwendo kunajieleza. Ncha ya reli ya kipande kimoja imejitokeza kwa ndani au juu kuliko mwenzake. Gurudumu likija kutoka upande wa reli iliyojitokeza, linashuka kingazi kidogo na kuendelea. Likija kutoka upande wa pili, ukingo wake unagonga uso wa ncha ile na kupanda juu. Huhitaji kipimo kuona hilo: pitisha ukucha juu ya reli, kisha kwenye ubavu wa ndani, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Pale ukucha unapokwama ndipo gurudumu linapokwama. Kwa skeli hii mm 0.3 zinatosha kukuharibia siku nzima.

Chanzo chenu ni bolti. Tundu la bolti ya M8 kwa kawaida hutobolewa mm 8.5 au 9 ili bolti ipite, kwa hiyo kila mnapofunga, vipande vinakaa sehemu tofauti kidogo. Kazi ya bolti ni kukaza, kupanga si kazi yake. Kupanga ni kazi ya pini za chuma za dume na jike, mbili kila ungio, zikiwa mbali moja na nyingine kadiri fremu inavyoruhusu.

Kwa vipande vilivyokwisha kujengwa fanya hivi. Funga vipande viwili kwa bolti, virekebishe mpaka reli zinyooke kwa jicho, kisha vibane kwa klempu mbili nzito. Weka tochi upande wa chini: mwanga ukipenya kati ya fremu, kuna gundi au rangi iliyoganda, ikwangue kwanza. Ukiwa bado umebana, toboa fremu zote mbili kwa pamoja, biti ya mm 3, sm 5 hivi kutoka kila mwisho. Fungua, panua kila tundu kwa ukubwa wa pini zako, panda pini na gundi ya epoksi, kisha funga tena vipande kabla gundi haijakauka. Katikati ya fremu weka karatasi ya nailoni ili zisigandane. Acha usiku mzima. Msipoziacha zikaukie zikiwa zimefungwa, kazi yote ni bure.

Sasa reli. Tupeni vile viungio vya kuteleza kwenye maungio ya vipande. Kila mkifungua na kufunga vinalegea, na mwisho havishiki wala havipitishi umeme. Utaratibu unaodumu ni huu:

1. Ondoa mataruma (vile vipande vya mlalo vinavyobeba reli) manne ya plastiki kila upande wa ungio.
2. Mahali pake weka mataruma mawili mapana ya bodi ya sakiti yenye ngozi ya shaba, upana mm 8 hadi 10, kila upande. Yafunge kwa gundi ya epoksi na skrubu mbili za brasi. Unene wake ulingane na taruma la plastiki, la sivyo reli itakuwa na kilima. Likiwa jembamba, weka kadi chini yake.
3. Kata ngozi ya shaba katikati ya kila taruma kwa tupa au msumeno mdogo, kisha pima kwa mita ya umeme kabla ya kulehemu. Ukisahau hapa umetengeneza shoti ambayo utaitafuta saa mbili.
4. Laza reli nzima, isiyokatwa, ipite juu ya ungio. Shika upana kwa geji ya mm 16.5, lehemu ubavu wa nje tu.
5. Vipande vikiwa vimekazwa kabisa, ndipo ukate reli kwa diski nyembamba ya mm 0.5, sawasawa na ungio.
6. Kwa tupa laini vunja kona ya ndani na ya juu ya kila ncha, kidogo tu.

Nafasi ya mm 0.5 msiizibe. Reli ya sm 120 joto likipanda nyuzi 15 inarefuka karibu mm 0.3, na ubao nao unacheza na unyevu kuliko reli. Ukumbi uliofungwa asubuhi na ukumbi uliojaa watu alasiri si kitu kimoja.

Pasi ya kulehemu iwe ya wati 40 hadi 60. Watu huchukua ya wati 15 wakidhani wanalinda plastiki, na ndiyo inayoyeyusha mataruma, kwa sababu reli inafyonza joto na unalazimika kushikilia sekunde kumi. Pasi yenye nguvu inamaliza kwa sekunde mbili. Weka pamba iliyoloa maji juu ya reli, kati ya unapolehemu na taruma la kwanza la plastiki. Kama umetumia fluksi ya asidi, ioshe kwa maji na brashi siku hiyohiyo, vinginevyo wiki ijayo utaona ukijani.

Ungio likiangukia kwenye kona ya njia, kazi ni ileile, ila reli ya kunyumbuka inataka kujinyoosha mara tu ukiikata. Hapo tumia mataruma matatu ya shaba kila upande, si mawili.

---

ndimi_na_moyo

Mimi nichukue (b) na (c), zote ni za pointi.

Kwanza niambie, moyo wa pointi zenu (pale reli mbili za ndani zinapokutana) ni wa plastiki au wa chuma? Jibu lake linabadilisha kila kitu.

Ukiwa wa plastiki, hapo katikati pana milimita ishirini na kitu zisizo na umeme. Injini kubwa ina magurudumu mengi, kila mara mengine yako kwenye chuma. Yenu ya magurudumu manne inabaki na mawili, na moja likiwa chafu au likiwa hewani, imezima. Hewani kwa sababu gani? Laza rula ya chuma juu ya pointi: mara nyingi moyo wa plastiki umesimama juu ya reli kwa mm 0.2. Injini inabembea juu yake kama kigoda kibovu. Kwangua plastiki kwa wembe mpaka rula ilale. Mara nyingi hilo pekee linamaliza ugonjwa.

Ukiwa wa chuma, tatizo ni namna moyo unavyopata umeme. Ukitoka kiwandani unategemea ncha ya ulimi (reli inayosogea pointi ikigeuzwa) kugusa reli ya pembeni. Vumbi moja, tone moja la gundi ya kokoto, mgusano hakuna. Suluhisho ni kuupa moyo waya wake kupitia swichi ndogo ya kugeuza inayosukumwa na mota. Mambo mawili ya kuangalia: njia zinazotoka kwenye moyo ziwe zimekatwa kwa viungio vya plastiki, zote mbili za ndani, na swichi igeuke ulimi ukiwa katikati ya safari. Ikigeuka mapema au ikichelewa, ulimi na moyo vinakuwa na umeme tofauti kwa sekunde moja, shoti. Pima kwa mita: geuza pointi polepole kwa kidole, sikiliza mlio.

Kuhusu mota. Koili imetengenezwa kupigwa umeme kwa sehemu ya sekunde. Inavuta ampea kadhaa, na ikishikiliwa inageuka hita. Mnatumia vitufe vya kubonyeza au swichi za kubaki (zinazobaki zimewashwa ukiziachia)? Kama ni za kubaki, mmeshapata jibu. Kama ni vitufe, mtu ameshikilia kidole kwa sababu pointi haikugeuka mara ya kwanza, na haikugeuka kwa sababu umeme ni dhaifu au mota haikupangwa sawa na ulimi.

Weka kapasita kati ya transfoma na vitufe: mikrofaradi 4700, volti 35, ikichajiwa kupitia rezista kwa takriban volti 24 za umeme wa moja kwa moja. Ukibonyeza, kapasita inamwaga yote kwa mpigo, pointi inageuka kwa nguvu. Ukiendelea kushikilia, kinachopita ni kile kidogo cha rezista tu, koili haiungui. Sakiti moja inatosha pointi zote 11 mradi hamzigeuzi mbili kwa pamoja. Ubaya wake ni kusubiri sekunde moja au mbili ijae tena.

Na chukua mota mbili za akiba, zimeshalehemewa nyaya na plagi. Kubadilisha mota chini ya ubao huku watu wanatazama si mahali pa kutafuta pasi.

---

taruma_la_saba

Asante sana wakuu. Nimepima leo.

Moyo ni wa plastiki. Pointi ya 7 rula inabembea, ya 4 imelala vizuri. Swichi za pointi ni za kubaki, kweli. Na kule kwenye ungio la 2 na 3, ukucha unakwama ubavu wa ndani, reli ya kulia.

Ila jambo jingine: hata nikinyoosha ungio kwa mkono, mabehewa mawili bado yanaacha njia hapohapo. Mengine kumi yanapita.

---

FundiLehemu

Hayo mawili yapime magurudumu kwa kalipa. Umbali wa ndani kati ya gurudumu na gurudumu kwenye ekseli moja, kwa reli ya mm 16.5, uwe karibu mm 14.4. Likiwa 14.0 litabana kwenye reli ya ulinzi (ile fupi iliyo mkabala na moyo wa pointi), likiwa 14.8 litagonga ncha ya moyo. Pima sehemu tatu za mzunguko. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limekaa upande kwenye ekseli, livue na ulirudishe likiwa wima.

Kisha yapime uzito. Chama cha Marekani cha mambo haya, NMRA, kina kanuni ya kupendekeza ambayo kwa 1:87 ni aunsi 1 kwa behewa na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwetu hiyo ni gramu 28, ongeza gramu 5.6 kwa kila sentimita. Behewa la sm 15 linatakiwa liwe karibu gramu 112. Mabehewa mengi ya plastiki yana nusu ya hapo, ndiyo maana yanarukaruka kwenye maungio. Gundisha uzito chini kabisa, katikati ya bogi (vile vigari vya magurudumu chini ya behewa), si juu ya paa kwa ndani. Na usizidishe: treni ya mabehewa manane, kila gramu 30 za ziada ni gramu 240 ambazo injini itavuta saa saba.

La tatu, skrubu za bogi. Moja ikaze mpaka bogi izunguke bila kubembea, nyingine iwe legevu kidogo ibembee pande zote. Zikikazwa zote mbili, behewa lina miguu minne isiyokubali sakafu mbovu.

Kuhusu pointi ya 4: safisha nyuma ya magurudumu ya ile injini. Visahani vya kuchukulia umeme vinagusa hapo, na hapo ndipo uchafu wa mafuta unapojificha. Kalipa haitakuonyesha hilo.

---

nusu_saa_nyuma

Kwenye (d) niseme bila kuzunguka: wiki sita hazitoshi kuhamia dijiti na kuiamini. Lakini tayarisheni nyaya, maana mtakuwa chini ya ubao hata hivyo.

Hesabu ni hii. Waya wa shaba wa mm² 0.5 una karibu omu 0.037 kwa mita. Reli ya mita 6, kwenda na kurudi mita 12, ni omu 0.45. Kwa umeme wenu wa sasa injini moja inavuta nusu ampea, mnapoteza volti 0.2, hamtaona kitu. Dijiti ikiwa na injini kadhaa na sauti, ampea 3, mnapoteza volti 1.3. Kwa waya wa mm² 2.5 upotevu huohuo ni chini ya volti 0.3. Kwa hiyo pitisheni waya mama wa mm² 2.5 kuanzia sasa, na kila urefu wa reli uwe na nyaya zake fupi za kupandia za mm² 0.5. Viungio vya reli visihesabiwe kama njia ya umeme.

Sababu nyingine ya waya mnene ni usalama. Busta ya dijiti (kifaa kinachopeleka umeme kwenye reli) inakata ikiona shoti. Nyaya zikiwa nyembamba, upinzani unazuia mkondo kupanda mpaka kiwango cha kukata, busta haioni shoti, na ampea 3 au 4 zinapita kwenye bogi moja mpaka plastiki ilainike. Jaribio ni sarafu: ilaze juu ya reli zote mbili, kila sm 50 hivi, na kwenye kila pointi. Pale ambapo busta haikati papo hapo, pana waya dhaifu.

Siku mtakapohama, zimeni uwezo wa dikoda (kifaa ndani ya injini kinachosoma amri) kukubali umeme wa kawaida. Uko kwenye CV29 (moja ya namba za mipangilio ya dikoda), biti yenye thamani 4. Dikoda nyingi hutoka na 6, andikeni 2. Zenye anwani ndefu huwa 38, andikeni 34. Usipofanya hivyo, baada ya shoti dikoda inaweza kudhani imepewa volti za kawaida, na injini inaondoka kwa kasi yote kuelekea ukingoni.

Na kidhibiti kiwe cha waya. Vya simu kupitia Wi-Fi vinapendeza nyumbani. Kwenye ukumbi wenye simu mamia kadhaa mawimbi yanasongamana, unageuza kitasa na injini inakutii baadaye.

---

ndimi_na_moyo

Nakubaliana kuhusu wiki sita, ila kidhibiti kimoja kwa stesheni ya mwisho wa njia ni adhabu. Wakati mmoja anapanga mabehewa kiwandani, yadi ya nyuma imekufa, na mtazamaji anaona treni moja tu.

Nunueni kidhibiti cha pili. Gaweni reli sehemu nne kwa viungio vya plastiki: yadi, njia kuu, stesheni, kiwanda. Kila sehemu iwe na swichi ya kugeuza nguzo mbili yenye sifuri katikati: juu kidhibiti A, chini kidhibiti B, katikati hakuna umeme. Ni kazi ya jioni mbili. Swichi zipange kwenye paneli yenye mchoro wa njia, ziwe mahali zilipo kwenye reli yenyewe, kwa sababu saa tisa alasiri hakuna anayekumbuka namba.

Angalizo moja la hatari: vidhibiti viwili visishirikiane njia ya kutolea ya transfoma moja ukiwa na waya wa kurudi wa pamoja. Kila kimoja kiwe na transfoma yake. Na matokeo ya transfoma mbili za umeme geu kamwe yasiunganishwe pamoja. Ukichomoa moja ukutani huku nyingine inafanya kazi, ile uliyochomoa inafanya kazi kinyumenyume, na plagi iliyo mkononi mwako inakuwa na umeme wa ukutani.

---

mlango_wa_pembeni

Naona mmejaa chini ya ubao, hakuna anayezungumzia ukumbi. Nijazie.

Waandaaji watakuuliza nafasi unayotaka. Usiwape mita 6 kwa sm 60. Upana wa ubao sm 60, nyuma kwa waendeshaji sm 90, mbele hadi kizuizi sm 60: hiyo ni mita 2.1. Urefu ongeza nusu mita kila mwisho, mtu apite. Omba mita 7 kwa 2.2, na useme mnatazamwa upande gani. Kizuizi kikiwa sm 40 kutoka kwenye reli, mkono wa mtoto wa miaka minane unafika kwenye daraja lenu.

Njia ya watazamaji kati ya reli ya klabu moja na ya nyingine iwe mita 2 au zaidi, kwa sababu watu husimama safu mbili na bado kiti cha magurudumu kinapaswa kupita. Milango ya dharura haizibwi na meza, sanduku wala bango, hata kwa dakika kumi za kupakua.

Kimo cha reli: sm 95 hadi 105 kutoka sakafuni. Ukipandisha hadi 125 picha zinavutia, lakini watoto wanaona fremu. Msilete vigoda vya kukanyagia, mtu ataanguka.

Umeme: reli yenu pamoja na taa za LED haifiki wati 250. Kinachokata umeme wa ukumbi ni birika la chai la wati 2000 lililochomekwa kwenye ekstensheni hiyohiyo. Ulizeni mapema soketi yenu iko kwenye laini ipi. Ekstensheni ya kuzungushwa ifunguliwe yote kutoka kwenye gurudumu lake: ikibaki imejikunja, joto halina pa kutokea. Umeme wa ukutani uishie kwenye transfoma zilizo sakafuni au kwenye rafu ya nyuma. Chini ya ubao zipite volti ndogo peke yake.

Taa ziwekwe mbele ya ukingo wa reli, sm 30 hadi 40 kuelekea kwa mtazamaji na juu ya kichwa. Zikiwa moja kwa moja juu ya reli, nyuso za majengo zinakuwa nyeusi na miti inatupa vivuli kwenye anga mliyoichora nyuma. Anga yenye kivuli cha mti, jamani.

Kuhusu sakafu: hakuna ukumbi ulionyooka. Miguu iwe na bolti za kurekebisha za M10, safari ya sm 3 au zaidi. Anzeni na kipande cha katikati, pimamaji ya mita moja kwa urefu na kwa upana, kisha nendeni pande zote mbili. Mkianza mwisho mmoja, kosa la mm 2 kwa kipande linafika sm 1 kwenye yadi, na mabehewa yanajitembeza yenyewe.

---

nusu_saa_nyuma

Kwa (e), hesabu ni rahisi. Nafasi tatu kwa wakati mmoja: mmoja stesheni, mmoja yadi ya nyuma, mmoja mbele ya kizuizi akijibu maswali. Saa saba mara tatu ni saa 21, watu saba, kila mtu saa tatu kwa siku. Badilisheni kila saa. Mtu akikaa yadi saa mbili mfululizo anaanza kugonga mabehewa.

Yule wa mbele ndiye watu huruka kumpanga, na ndiye anayeleta wanachama. Mwendeshaji hawezi kuongea na kuendesha pamoja: ama treni inasimama ama muulizaji anajibiwa kwa mgongo.

Ratiba iwe ya kadi, si ya kichwani. Kadi moja, mwendo mmoja: "Treni ya mbao kutoka yadi njia ya 3, iingie stesheni njia ya 2." Kadi 16 hadi 20, zitundikwe kwenye kulabu, ukimaliza unageuza. Cha muhimu mzunguko umalizike kila treni ikiwa ilipoanzia, ili kadi ya mwisho ifuatwe na ya kwanza bila mkono kushuka kutoka mbinguni kupanga upya. Mzunguko wa dakika 25 unafaa, mtazamaji hakai zaidi ya hapo.

Kuhusu mwendo, wekeni alama mbili kwenye fremu ya nyuma, sm 120 kati yake. Treni ya abiria ya km 60 kwa saa, kwa 1:87, inapita hapo kwa sekunde 6 na kidogo. Ya kupanga mabehewa, km 15 kwa saa, sekunde 25. Jaribuni, mtashangaa mnavyokimbiza.

Injini zizungushwe. Nusu saa kazini, nusu saa kupumzika. Mota ndogo ikivuta saa saba mfululizo inachemka na grisi inatambaa hadi kwenye brashi za kaboni. Kwa kuwa treni sita haziendi zote kwa pamoja, injini nane zinatosha.

---

taruma_la_saba

Nimebanwa na swali moja la mwisho: usafi wa reli. Kuna anayetumia msasa laini, mwingine anataka spiriti tu. Na tunapakiaje?

---

FundiLehemu

Msasa hapana. Unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo nyumba ya uchafu mpya: ukisafisha leo, kesho kumechafuka zaidi. Kifutio cha mpira wa kusugulia ni cha mara moja, baada ya kupaka rangi na kumwaga kokoto. Kila asubuhi, nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa, kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kisha kitambaa kikavu. Subirini dakika tano ikauke kabla ya kuwasha, mvuke wake unashika moto na magurudumu yanatoa cheche.

Magurudumu ya injini: laza karatasi ya jikoni iliyoloa spiriti juu ya reli, bogi moja ikanyage karatasi, nyingine ikanyage reli na kuchukua umeme. Shika injini, washa, mistari myeusi itatoka. Geuza, rudia. Na magurudumu ya plastiki ya mabehewa badilisheni ya chuma mkiweza, yanabeba uchafu na kuutandaza kila mahali. Mafuta tone moja kwa ekseli, kwa ncha ya sindano. Zaidi ya hapo yanaishia kwenye reli.

Kupakia: vipande viwili viwili, uso kwa uso, vikishikwa na mbao mbili za plaiwudi mwisho kwa mwisho, zikiacha nafasi ya mti au jengo refu kuliko yote pamoja na sm 3. Mbao hizo ziguse pini na bolti zilezile za ungio, ndivyo zinavyolinda ncha za reli mlizotoka kulehemu. Kipande cha tano kinapata mfuniko wake. Kila boksi namba, na orodha ya namba ndani ya gari. Cha kwanza kutoka kiwe miguu na pimamaji, kwa hiyo viingie mwisho.

Boksi la vifaa: mita, pasi na lehemu, tupa laini, kalipa, geji, spana mbili za M8, bisibisi ndogo, kibano, gundi ya haraka, waya mita 5, viungio vya plastiki na vya chuma, mota zenu mbili. Na bolti za M8 nne za ziada pamoja na nati na washa zake, maana moja lazima itumbukie chini ya jukwaa la ukumbi.